Mwana wa Chifu Katika Jiji la Mabati

Mwaka 1899, mwaka ambao reli kutoka Mombasa ilifika kwenye uwanda wa Nairobi, mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika pia. Walipata ardhi magharibi ya kambi ya reli, wakafungua misheni ya St. Austin na kupanda kahawa. Mahali hapo leo panaitwa Msongari. Ukitoka hapo kuelekea magharibi unapita Lavington, mtaa wa kuta ndefu na bustani zilizofyekwa, kisha barabara inabanwa na vibanda, mikokoteni na matatu za nambari 46. Hapo umeingia Kawangware.

Kusini zaidi kulikuwa na msitu. Serikali ya Kiingereza iliwaweka humo askari Wanubi waliotoka Sudan kulitumikia jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi, na wazee wa Kinubi wakajenga, wakalima na kuzika humo bila kupewa hati ya kumiliki ardhi. Hiyo ndiyo Kibera. Wenyeji wake wa kwanza walikuwa Waislamu. Wakatoliki walikuja baadaye, wakiwa wapangaji waliotoka mashambani kutafuta kazi.

Kwa zaidi ya miaka 25, kuanzia 1971 hadi 1997, mchungaji mkuu wa Wakatoliki wa sehemu hizi mbili na wa jimbo lote la Nairobi alikuwa Maurice Michael Otunga, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa askofu Mkatoliki na Mkenya wa kwanza kuwa kardinali. Maisha yake husimuliwa zaidi kwa tarehe za Roma. Simulizi hii inamtazama kutoka mitaa ya mabanda, kwa kuwa ndiko Kanisa lake lilikokua, na ndiko lilikojaribiwa.

Mtoto wa boma la chifu

Otunga alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, katika nchi ya Wabukusu, ambayo leo ni Kaunti ya Bungoma. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mwenye nguvu enzi za mkoloni, na boma lake lilikuwa na makumi ya wake. Chifu wa wakati ule alikusanya kodi ya nyumba, alitoa vijana wa kufanya kazi za serikali na aliamua kesi. Mwana wa mtu kama huyo alikuwa na njia iliyofunguliwa tayari. Angesoma kidogo, angejifunza utawala pembeni mwa baba yake, na siku moja huenda angeikalia nafasi yake.

Wamisionari wa Mill Hill, ambao ndio walioihubiri Injili ya Kikatoliki magharibi mwa Kenya, walikuwa na shule Kibabii, na kijana huyo alisoma huko. Alibatizwa mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 12. Akapitia Mang'u, shule ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyowalea pia Tom Mboya na Mwai Kibaki. Baadaye akaingia seminari, kwanza magharibi mwa Kenya, kisha Ggaba nchini Uganda. Baba yake alitaka awe mrithi wake. Otunga alikataa uchifu, akachagua upadri.

Kwa Mbukusu wa miaka ya arobaini, uamuzi huo ulikuwa mzito kuliko tunavyoweza kuuona leo. Padri haoi, na asiyeoa haachi jina. Kukataa kiti cha baba ni jambo moja, na kukataa kuzaa ni jambo jingine, hasa kwa mtu aliyetoka katika boma ambalo wingi wa watoto ulikuwa ndio heshima yenyewe. Otunga alikataa yote mawili kwa pamoja, na mwaka 1947 alitumwa Roma kusoma katika chuo cha Propaganda Fide, kilichowafunda vijana kutoka nchi za misheni. Tarehe 3 Oktoba 1950, mwaka wa Jubilei Kuu, alipewa upadri huko huko Roma.

Aliporudi alifundisha seminarini kwa miaka kadhaa, kisha akapelekwa Mombasa, kwenye ofisi ya mjumbe wa Papa aliyesimamia Afrika Mashariki ya Kiingereza. Huko alihudumu pia parokia ya Makupa, katikati ya makuli wa bandari na wafanyakazi wa reli. Kwa mtu ambaye siku moja angesimamia jiji la vibarua, Makupa ilikuwa shule nzuri kuliko darasa lolote la theolojia.

Februari 1957

Novemba 1956 Papa Pius XII alimteua Otunga kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, chini ya Askofu Frederick Hall wa Mill Hill. Aliwekwa wakfu tarehe 25 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 34. Juma moja kabla, tarehe 18 Februari, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikuwa amenyongwa katika gereza la Kamiti. Majuma machache baadaye, mwezi Machi, Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao 8 katika Baraza la Kutunga Sheria.

Nchi ilikuwa bado chini ya sheria ya hali ya hatari. Jijini Nairobi watu walikuwa hawajasahau msako wa Aprili 1954, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipozolewa mitaani na kupelekwa kizuizini. Wamisionari wengi wa siku zile waliiona Mau Mau kama adui wa imani, na Waafrika wengi waliliona Kanisa kama nyumba ya mzungu. Ndani ya majira hayo hayo, kijana wa Chebukwa alivikwa kofia ya askofu. Hakuwa mwanasiasa wala hakutaka kuwa. Hata hivyo, kila Mkatoliki Mwafrika aliyemwona altareni alijua kwamba jambo lililosemekana haliwezekani limetendeka.

Mwaka 1960 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Kisii, jimbo jipya lililowajumuisha Abagusii na Wajaluo wa Nyanza Kusini. Mbukusu akawa mchungaji wa makabila mawili yasiyo lake, na mafunzo hayo yalimfaa baadaye. Akiwa askofu wa Kisii alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliofanyika Roma kuanzia 1962 hadi 1965. Miongoni mwa maamuzi yake, Mtaguso uliruhusu ibada ifanyike kwa lugha za watu. Vijijini hilo lilileta Kigusii na Kijaluo altareni. Jijini Nairobi, ambako jirani mmoja anatoka Busia, mwingine Machakos na mwingine Murang'a, Misa ya Kiswahili ndiyo iliyowakusanya. Bila uamuzi ule, parokia za Kibera na Kawangware kama tunavyozijua zisingekuwepo.

Jiji lililojeruhiwa

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri Mjaluo, Mkatoliki na mwanafunzi wa zamani wa Mang'u, alipigwa risasi katikati ya Nairobi. Misa ya kumwombea katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu iligeuka vurugu. Umati ulilirushia mawe gari la Rais Jomo Kenyatta, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, na moshi wake ukawafikia waombolezaji ndani ya kanisa. Oktoba mwaka huo watu waliuawa kwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya rais. Wakati huo huo viapo vya kikabila vilikuwa vikiliwa Kiambu na sehemu nyingine za nchi ya Wakikuyu. Uhuru ulikuwa bado haujatimiza miaka 6, na tayari ulikuwa umegawanyika kwa makabila.

Novemba 1969 Otunga aliteuliwa kuwa askofu mkuu mwandamizi wa Nairobi, na Oktoba 1971 akachukua nafasi ya Askofu Mkuu John Joseph McCarthy wa Shirika la Roho Mtakatifu. Jimbo alilopewa lilijumuisha jiji na Kiambu, moyo wa nchi ya Wakikuyu, nyumbani kwa rais mwenyewe. Kumweka mtu wa magharibi juu ya jimbo hilo, miezi michache baada ya moshi ule kanisani, kulikuwa na uzito ambao Wakenya waliuona hata kama hakuna aliyeutamka. Katika siasa za siku zile, kila kiti kilihesabiwa kwa kabila. Otunga alikaa katika kiti chake zaidi ya robo karne bila kukigeuza kuwa mali ya watu wa kwao, na hiyo ni sifa ambayo Kenya haijawapa viongozi wengi.

Jiji lenyewe lilikuwa linafurika. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Sensa ya 1979 ilipata 827,775, ya 1989 ikapata 1,324,570, na ya 1999, miaka miwili baada ya Otunga kustaafu, ikapata 2,143,254. Katika muda wa uongozi wake, Nairobi iliongezeka karibu mara nne. Nyumba hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Halmashauri ya jiji ilibomoa vibanda mara kwa mara, na waliobomolewa walihamia kwingine na kujenga upya.

Kibera na Kawangware zilijaa kwa njia mbili tofauti. Kibera ilikuwa ardhi ya serikali. Aliyejenga alijenga kwa ruhusa ya chifu au kwa kumpa mtu kitu kidogo, na asingeweza kwenda mahakamani kuidai. Kuta ni za udongo na fito au mabati, chumba ni futi 10 kwa 10, na choo kimoja hugawanywa na milango mingi. Kawangware ilikuwa mashamba ya familia za Kikuyu nje ya mpaka wa jiji, mpaka ulipopanuliwa wakati wa uhuru. Wenye mashamba waligundua kwamba vyumba vya mabati vinalipa kuliko mahindi, wakavipanga safu kwa safu na kuwapangisha wageni. Wageni hao, Kibera na Kawangware pia, wengi walitoka magharibi: Bungoma, Kakamega, Vihiga, Busia na Siaya. Asubuhi walitoka kwa miguu, wengine kwenda viwanda vya Industrial Area, wengine kuwa wafanyakazi wa nyumbani na soja wa getini huko Lavington, Kilimani na Karen. Walikuwa watu wa kwao Otunga, na wengi wao walikuwa wamebatizwa na mapadri wale wale wa Mill Hill.

Kanisa ndani ya chumba kimoja

Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, kupitia muungano wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua kwamba Kanisa la eneo hili lijengwe juu ya jumuiya ndogo za waumini. Mwaka 1976 walikutana tena Nairobi, wakaufanya uamuzi huo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Kwenye karatasi ulikuwa uamuzi wa kiutawala. Mtaani uligeuza kila kitu.

Jumuiya ni familia za jirani, za kichochoro kimoja au ploti moja, zilizochukua jina la mtakatifu. Hukutana mara moja kwa juma, kwa zamu, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Mwenye nyumba huazima viti na mabenchi, watoto hukaa kitandani, wengine husimama mlangoni. Husomwa Injili ya Jumapili inayokuja, na kila mtu huombwa aseme imemgusa wapi. Hapo mama anayeuza omena huifasiri Injili mbele ya fundi seremala na mwalimu wa shule, na wote humsikiliza. Kisha huja mambo ya jumuiya: nani mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amekosa karo, maiti ya nani inapaswa kusafirishwa nyumbani.

Jambo hilo la mwisho linastahili kusemwa wazi, kwa sababu wasioishi Nairobi huenda wasilielewe. Mtu wa magharibi akifa jijini, huzikwa kwao. Gharama ya mochari, jeneza na gari la kwenda Bungoma au Siaya huzidi mshahara wa kibarua kwa miezi mingi. Jumuiya ndiyo inayochanga, inayokesha matangani na inayomsindikiza marehemu. Kwa mpangaji asiye na hati ya ardhi, asiye na mkataba wa kazi na asiye na jamaa wa karibu, jumuiya ilikuwa chombo pekee kilichomjua kwa jina na kuweka jina hilo kwenye daftari.

Otunga hakuvumbua jumuiya hizi, na ingekuwa makosa kumpa sifa zote. Zililelewa na makatekista, na wanawake wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, na masista, na wamisionari kama Waguadalupe kutoka Mexico waliojitwisha kazi ya Kibera. Lakini jimbo kuu lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyeruhusu, aliyefungua milango kwa mashirika mengi ya watawa na aliyeziacha parokia za mabanda zikue kwa sura yao wenyewe, kwa Kiswahili chao na ngoma zao, bila kuzilazimisha ziwe nakala duni za Kanisa la katikati ya jiji.

Kofia nyekundu

Tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo VI alimfanya Otunga kardinali pamoja na wengine 29. Mmoja wao alikuwa Albino Luciani wa Venezia, ambaye miaka 5 baadaye angekuwa Papa Yohane Paulo I. Tanzania ilikuwa imetangulia: Laurean Rugambwa aliteuliwa mwaka 1960, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Uganda ilifuata mwaka 1976 kwa Emmanuel Nsubuga. Katika miaka 16, kila moja ya nchi tatu za Afrika Mashariki ilipata mshauri wa Papa.

Mwaka 1978 Otunga alikuwa miongoni mwa makardinali 111 waliomchagua Luciani mwezi Agosti, na alirudi tena mwezi Oktoba, Luciani alipofariki ghafla, kumchagua Karol Wojtyla wa Poland. Huyo, Papa Yohane Paulo II, alikuja Nairobi mara tatu wakati wa Otunga: Mei 1980, Agosti 1985 na Septemba 1995.

Ziara ya 1985 ndiyo iliyobaki vinywani. Nairobi iliandaa Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa, lenye mada ya Ekaristi na familia ya Kikristo, na Papa alilifunga kwa Misa Uhuru Park tarehe 18 Agosti. Kutoka Kibera hadi Uhuru Park ni mwendo wa miguu tu. Kwa siku moja, jiji ambalo liliwahitaji watu wa mabanda kwa kazi zake na kuwakwepa kwa mengine yote liliwapa nafasi ya kusimama katikati yake, chini ya mwavuli au ndani ya kitenge chenye picha ya Papa.

Siku hiyo hiyo Papa alifungua rasmi taasisi ya juu ya Kikatoliki huko Lang'ata, iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Tangaza ilianza karibu na hapo. Mashirika ya watawa yakajenga nyumba za malezi Karen na Lang'ata, ng'ambo ya pili tu ya Kibera. Vijana waliokuwa wakisoma falsafa na theolojia siku za juma waliingia Kibera na Kawangware mwisho wa juma, kufundisha katekisimu na kutembelea wagonjwa. Wengi wao, ambao leo ni mapadri na maaskofu katika nchi nyingi za Afrika, walijifunza uchungaji katika vichochoro hivyo.

Mahali pagumu

Maisha ya kiongozi yasimuliwe pamoja na magumu yake, la sivyo hatumheshimu bali tunampaka rangi. Ya Otunga ni mawili.

La kwanza ni siasa. Chini ya Rais Daniel arap Moi, hasa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kusema kulikuwa hatari. Mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea. Tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, watu waliotaka vyama vingi walipigwa na kuuawa mitaani Nairobi. Sauti za makanisa zilizosikika kwa nguvu zilikuwa za wengine: maaskofu wa Anglikana kama Henry Okullu na Alexander Muge, na kwa Wakatoliki, Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru. Otunga alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kupendelea barua ya pamoja kuliko jukwaa. Maaskofu Wakatoliki walipoandika kwa pamoja mwaka 1992 na kuilaumu serikali kwa mapigano ya kikabila yaliyokuwa yakiwafukuza watu Bonde la Ufa, kardinali wao alikuwa miongoni mwao. Waliotamani angurume peke yake hawakuridhika. Upole wake ulilikinga Kanisa na mengi, na pia uliwaacha watu wengine wakimsubiri kwa muda mrefu.

La pili ni Ukimwi. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa Kenya mwaka 1984, na kufikia miaka ya tisini mochari zilikuwa zimejaa. Agosti 1996 Otunga aliongoza waumini Uhuru Park, ambako maboksi ya kondomu na vijitabu vya elimu ya jinsia vilichomwa moto hadharani. Kwake ulikuwa ushuhuda wa imani: aliamini kwa dhati kwamba uaminifu na kujizuia ndiyo njia, na kwamba mipira ile ilikuwa ikiuza uongo kwa vijana. Kwa madaktari wengi na wanaharakati, ulikuwa moto uliochoma kinga ya watu waliokuwa wakifa. Mimi naamini walikuwa na haki ya kuumia. Mwanamke wa Kibera aliyeambukizwa na mume wake hakuwa amekosa uaminifu, na mahubiri juu ya uaminifu hayakumsaidia.

Lakini Kanisa hilo hilo ndilo lililowauguza. Mwaka 1992 padri Mjesuiti na daktari, Angelo D'Agostino, alifungua nyumba ya Nyumbani kwa ajili ya watoto yatima wenye virusi, wakati hospitali na hata jamaa waliwaogopa. Mwaka 1998 ulizaliwa mpango wa Lea Toto, uliowafuata watoto majumbani mwao Kangemi, Kawangware, Kibera na mitaa mingine, kuwapa dawa, chakula na ushauri. Mwaka 2004 padri huyo huyo aliipeleka serikali mahakamani ili watoto wa Nyumbani wakubaliwe katika shule za umma, na milango ikafunguliwa. Katika jumuiya, wanawake waliwaosha wagonjwa ambao wengine hawakutaka kuwagusa. Historia ya kweli inayashika mambo yote mawili, moto wa Uhuru Park na mikono ya wanawake hao, na hairuhusu moja lifute jingine.

Nyumba ya Wazee

Tarehe 21 Aprili 1997 Otunga alistaafu, na Ndingi akachukua kiti. Kardinali mstaafu ana haki ya makazi ya heshima. Otunga alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, huko Kasarani, makao ya wazee maskini yanayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan mwaka 1839. Wakazi wake ni wazee wasio na mtu wa kuwatunza, wengi wao wakiwa wamemaliza nguvu zao katika kazi za jiji. Mwana wa Chifu Sudi alikula nao, akasali nao, akazeeka nao.

Januari 2003 alitimiza miaka 80 na kupoteza haki ya kumchagua papa. Alifariki tarehe 6 Septemba 2003 katika hospitali ya Mater, akazikwa makaburi ya Msongari, kwenye ardhi ile ya mapadri wa 1899, si mbali na Kawangware. Mwaka 2005 mabaki yake yalihamishiwa Bustani ya Ufufuko, Karen, ambako waumini huenda kusali. Chini ya Kardinali John Njue, mrithi wa Ndingi jijini Nairobi, kesi ya kumtangaza mwenye heri ilifunguliwa. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Yaliyofuata mitaani hayakuwa mepesi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kibera iliungua, na waliosali benchi moja walifukuzana kwa makabila yao. Oktoba 2017 Wakikuyu na Waluhya walipigana Kawangware. Novemba 2015 Papa Fransisko aliitembelea parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, jirani na Kawangware, akatamka mbele ya dunia kwamba kumnyima maskini maji ni dhuluma na kwamba ardhi isiporwe na wachache. Watu wa mabanda walishangilia, kwa sababu walisikia kadhia yao ya kila siku ikisemwa na mkuu wa Kanisa lao.

Basi Otunga apimwe kwa nini? Wanaomtetea Roma watataja sala zake, unyenyekevu wake na kifo chake kati ya wazee maskini, na watakuwa wamesema kweli. Lakini kuna tofauti kati ya anayechagua umaskini na aliyezaliwa ndani yake, na Otunga, aliyekataa boma la baba yake na kuacha makazi ya askofu mkuu, aliijua. Uchaguzi wake unapata maana kamili pale ulipowaachia wasio na uchaguzi kitu cha kudumu. Kitu hicho ni jumuiya: mahali ambapo mpangaji wa Laini Saba huko Kibera au Gatina huko Kawangware anajulikana kwa jina, anazikwa kwa heshima na anaruhusiwa kuifasiri Injili. Alichoacha bila kukamilisha ni ujasiri wa kudai mbele ya wenye mamlaka kwamba mtu huyo anastahili pia hati, choo, dawa na usalama siku ya uchaguzi. Hiyo ni kazi ya warithi wake, na ya kila jumuiya inayokutana juma hili Kibera na Kawangware. Yeye aliwapa mahali pa kukutania, na mengine yaliyobaki ni ya kudai wenyewe.